Naomba ushauri: nile nini kabla ya safari ya baiskeli kwenda kazini?

Habari zenu wapendwa. Naendesha baiskeli kutoka Mbagala hadi Kariakoo hapa Dar es Salaam kila siku, natoka saa 11:30 alfajiri kukwepa jua na malori ya Barabara ya Kilwa. Nikila chapati 2 na chai ya maziwa, nikifika Mtoni tumbo limejaa gesi. Nikitoka bila kula, kufika kituo cha Uhasibu, mbele ya Mtoni, miguu inatetemeka na jasho la baridi linanitoka. Wiki hii nimejaribu kikombe cha uji wa ulezi na ndizi mbivu. Angalau nafuu, ila saa 4 njaa inauma kweli. Nibebe karanga, kashata au viazi vitamu vya kuchemsha? Na cha kula jioni kabla ya kurudi, kisichochacha kwenye begi? Mnaoendesha kila siku, naombeni msaada.