Bango la kuwaenzi waasisi wa MITS na Altair 8800: niweke nani, nionyeshe nini?

Msomasaketi:
Wakuu, habari. Tunaandaa meza ya maonyesho ya kuwaenzi waasisi wa MITS, ile kampuni ya Albuquerque, New Mexico, iliyotoa kompyuta ya Altair 8800. Rasimu ya bango ina majina matatu tu: Ed Roberts, Bill Gates na Paul Allen. Kichwa kinasema "Kompyuta binafsi ya kwanza duniani". Nahisi kuna watu tumewaacha.

Pia tutakuwa na Altair halisi ya 1975 ambayo haijawashwa miaka mingi. Tungependa wageni waone ilivyotumika bila kibodi wala skrini. Naomba msaada kwa mambo matatu: nani awemo na kwa kazi gani, programu fupi ya kuingiza kwa swichi, na tahadhari za umeme.

Mhifadhi:
Mkuu, hilo bango lianze upya. Gates na Allen hawakuanzisha MITS. Walioianzisha mwaka 1969 ni wanne: Ed Roberts, Forrest Mims, Stan Cagle na Robert Zaller. Roberts na Mims walikuwa kwenye maabara ya silaha ya Jeshi la Anga pale Kirtland, na bidhaa zao za mwanzo hazikuhusu kompyuta kabisa. Waliuza taa za kufuatilia roketi za mfano usiku, na visambazaji vidogo vya redio vya kutuma vipimo ardhini.

Mims aliondoka mapema akawa mwandishi wa elektroniki, lakini usimfute. Ndiye aliyeandika mwongozo wa kutumia Altair, akalipwa Altair moja, na baadaye akaikabidhi makumbusho ya Smithsonian ya Marekani.

Mwaka 1971 MITS ikaingia kwenye vikokotoo, ikafanya vizuri mpaka watengenezaji wa chipu wenyewe, kama Texas Instruments, walipoanza kuuza vikokotoo kamili kwa bei ambayo MITS isingeweza kuifikia. Kufika 1974 kampuni ilikuwa imezama kwenye madeni. Hapo ndipo Roberts alipoamua kutengeneza kompyuta. Prosesa ya Intel 8080 ilikuwa na bei ya orodha ya dola 360. Yeye alinunua kwa wingi akaipata kwa dola 75 moja. Bila punguzo hilo, seti nzima ya kujiunganishia isingetangazwa kwa dola 397. Ningeweka namba hizo tatu kwa herufi kubwa, maana zinaeleza mafanikio ya Altair kuliko sifa yoyote.

Bill Yates lazima awemo. Yeye ndiye aliyechora bodi, na jina lake liko pamoja na la Roberts kwenye makala ya Popular Electronics ya Januari 1975. Mweke pia Les Solomon, mhariri wa jarida hilo, ingawa hakuwa mwajiriwa wa MITS. Mashine ya kwanza aliyotumiwa New York kwa kampuni ya mizigo ya Railway Express ilipotelea njiani, kwa hiyo kilichopigwa picha ya jalada ni kasha la maonyesho tu. Msije mkaandika chini ya picha hiyo kwamba ni Altair inayofanya kazi. Ongeza David Bunnell, aliyeanzisha Computer Notes, jarida la watumiaji wa Altair.

Kuhusu "ya kwanza duniani", ondoa. Kompyuta ya Kenbak-1 ilitoka 1971, Micral ya Ufaransa 1973, na michoro ya Mark-8 ilichapishwa Julai 1974. Andika "iliyowasha biashara ya kompyuta binafsi", hapo hakuna wa kukupinga. Asili ya jina Altair nayo iache. Wahusika wenyewe wametoa simulizi zinazogongana.

Baiti256:
Mimi nijibu la programu. Tumieni ya kujumlisha namba mbili. Ina baiti 14 tu, kwa hiyo inaingia hata kwenye mashine yenye kumbukumbu ya awali ya baiti 256. Namba zote hapa ni za oktali, yaani za msingi wa 8 ambapo kila tarakimu ni biti tatu, kwa kuwa paneli yenyewe imegawa swichi kwa makundi ya tatu tatu:

072 200 000 – chukua namba iliyo kwenye anwani 200
107 – ihamishie rejista B (hifadhi ndogo ndani ya prosesa)
072 201 000 – chukua namba ya pili
200 – jumlisha na B
062 202 000 – hifadhi jibu kwenye anwani 202
303 000 000 – rudi mwanzo

Ukiwasha, shikilia STOP huku ukibonyeza RESET, vinginevyo prosesa inaanza kukimbia na takataka zilizomo kwenye kumbukumbu. Shusha swichi zote 16 za anwani, bonyeza EXAMINE. Panga 072 kwenye swichi nane za kulia (00 111 010, juu ni 1), bonyeza DEPOSIT. Baiti zote zinazofuata ni DEPOSIT NEXT. Ukimaliza, panga anwani 200, EXAMINE, ingiza namba ya kwanza kwa DEPOSIT na ya pili kwa DEPOSIT NEXT. Rudi anwani 0, EXAMINE, RUN, subiri kidogo, STOP. Panga 202, EXAMINE, jibu liko kwenye taa za data.

Wanaojaribu mara ya kwanza hukosea sehemu mbili. Moja ni kubonyeza DEPOSIT NEXT kwa baiti ya kwanza kabisa, hivyo programu nzima inasogea nafasi moja. Nyingine ni kugeuza baiti za anwani: 8080 inataka nusu ya chini kwanza, ndiyo maana ni 200 000 wala si 000 200. Kabla ya RUN, rudi anwani 0 na upitie baiti zote kwa EXAMINE NEXT mkilinganisha taa na karatasi. Wageni waone na hatua hiyo. Mkizima umeme kila kitu kinafutika, mnaanza upya.

Msomasaketi:
Ahsanteni sana wakuu. Bado la umeme, mashine inafika wiki ijayo.

Lehemu:
Usiichomeke ikifika. Kwanza, ni mashine ya Marekani ya volti 120. Penye volti 230 lazima transfoma ya kushusha. Toa bodi zote, kisha pima kapasita kubwa za pawasaplai. Iliyovimba au inayovujisha, badilisha. Pandisha volteji polepole kwa transfoma ya kurekebishika huku bodi zikiwa nje.

Basi ya Altair, yaani nyaya za pamoja zinazounganisha bodi zote, inabeba volti +8 na ±16 ambazo hazijadhibitiwa, na kila bodi inajishushia volteji yenyewe. Usishtuke ukisoma zaidi ya 8 bila mzigo. Cha kuogopa ni kidhibiti kilichokufa kwenye bodi, kinachopitisha volteji yote hadi kwenye chipu za volti 5. Basi rudisha bodi moja moja, zima kabla ya kila uchomekaji, na pima 5 kwenye kila bodi. Bodi ya prosesa iwe ya mwisho. 8080 inahitaji +5, +12 na -5, na ikikosa -5 inaweza kuungua. Pima hizo tatu kwenye soketi kabla ya kurudisha chipu.

Ikiwaka halafu ikafanya vituko, angalia ubao wa chini, ule wenye soketi za kuchomekea bodi. Altair za mwanzo zilikuwa na vipande vya nafasi nne nne vilivyounganishwa kwa waya 100, na mnunuzi alizilehemu mwenyewe. Lehemu moja baridi (isiyoshika vizuri) inatosha kupoteza biti moja ya anwani.

Mhifadhi:
Niongeze kuhusu Gates na Allen: waweke kwenye sehemu ya BASIC, lugha ya programu waliyoiandikia Altair, pamoja na Monte Davidoff aliyeandika hesabu za desimali na ambaye husahaulika kila mara. Allen aliruka kwenda Albuquerque Machi 1975 na BASIC hiyo kwenye kanda ya karatasi, akaandika kipakiaji (programu fupi ya kuiingiza kwenye kumbukumbu) akiwa ndani ya ndege. Mashine ikakubali, na Microsoft ikaanzishwa hapo hapo Albuquerque mwezi Aprili.

Elezeni pia doa la kampuni, yaani bodi za kumbukumbu ya dainamiki (inayohitaji kuburudishwa kila mara) za 4K, yaani baiti 4,096. Zilisumbua sana, wateja wakakimbilia bodi za statiki (zisizohitaji kuburudishwa) za kampuni ya Processor Technology ya Bob Marsh. MITS ilijibu kwa kuuza BASIC ya 8K kwa dola 75 ukinunua na bodi zake, na dola 500 ukiichukua peke yake. Watu wakaanza kunakili kanda. Barua ya wazi ya Gates ya Februari 1976 kwa wanaonakili haieleweki bila bei hizo mbili, kwa hiyo zipange kando yake.

Kwa Roberts, maelezo ya picha yasiishie 1977 alipoiuza MITS kwa kampuni ya Pertec. Alihamia jimbo la Georgia, akasomea udaktari Chuo Kikuu cha Mercer, akamaliza 1986 na kutibu watu mji mdogo wa Cochran hadi alipofariki 1 Aprili 2010. Tarehe ya kuzaliwa ni 13 Septemba 1941, Miami.