Trekta ya Wafula kutoka Nakuru

Wafula: Hamjambo nyote kwenye grupu ya familia. Trekta nimeshailipia, iko hapa Nakuru na plau lake la disiki tatu. Kesho alfajiri naiendesha hadi Kitale.

Mama: Mwanangu, kilomita zaidi ya 200 juu ya trekta? Si ukodi lori liibebe?

Wafula: Mama, hela ya lori ndiyo ya mbegu na dizeli.

Mjomba Simiyu: Mpwa wangu, mimi nimevuta tela za miwa Nzoia miaka mingi. Alfajiri usitoke, ngoja kuche kabisa. Gizani dereva wa lori huona taa zako nyekundu akadhani ni gari linalokimbia kama lake. Akigundua ni trekta ya kilomita 25 kwa saa, ameshakufikia.

Mjomba Simiyu: Breki umeangalia? Pedali za breki ni mbili, ya gurudumu la kushoto na ya la kulia. Shambani huachanishwa ili ukate kona kwa gurudumu moja. Barabarani lazima zifungwe pamoja kwa kile chuma. Ukikanyaga moja ukiwa mbio, trekta inapinduka. Shuka uone kwa macho yako, usimuulize muuzaji.

Wafula: Nimeshuka. Zilikuwa zimeachana, mjomba. Nimezifunga.

Mama: Mungu wangu!

Mjomba Simiyu: Asante kwa kuangalia. Sasa plau: liinue, kaza minyororo ya pembeni lisiyumbe, na uweke vyuma vya uzito mbele. Bila hivyo mbele kunakuwa kwepesi na usukani haushiki mlimani. Kutoka Salgaa hadi Mau Summit malori yatapanga foleni nyuma yako. Ukiona pembeni pana pagumu, simama yapite, maana mwenye haraka ataovateki penye kona huku mengine yanateremka.

Shangazi Nekesa: Ncha ya plau ifungwe kitambaa chekundu.

Wafula: Sawa shangazi. Na mteremko wa Timboroa kuja Burnt Forest?

Mjomba Simiyu: Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu. Usiweke nyutro, wala usikanyage klachi njiani. Injini ndiyo itakayokushikilia.

Mama: Na Brayo anayekusindikiza anakaa wapi?

Wafula: Kwenye madigadi.

Mjomba Simiyu: Hapana! Shimo moja tu anaanguka chini ya gurudumu. Apande matatu.

Mama: Namtumia nauli sasa hivi.

Shangazi Nekesa: Wafula, usilazimishe Kitale siku moja. Lala kwangu Langas, hapa Eldoret, trekta itaingia ndani ya geti. Ukifika Burnt Forest nipigie nianze kupika.