Mchanga watoa chumvi, naomba ushauri

Hamjambo ndugu zangu, niko Likoni, Mombasa, nina kishamba kidogo nyuma ya nyumba cha mchicha na sukuma, mwanzo vilikubali vizuri tu lakini tangu nianze kumwagilia maji ya kisima (hayo hata chai hayapikiki) majani yaungua pembeni na mchanga ukikauka wafanya ukoko mweupe juu, niliuonja kwa ulimi, chumvi tupu. Nimepima pH (kipimo cha uchachu wa mchanga, ikipita 7 si chachu tena) nikapata 8.3. Jirani anishikilia nitie chokaa, lakini si chokaa yapandisha pH zaidi jamani? Mwengine asema nitie jipsamu (aina ya madini yenye kalsiamu) na samadi ya mbuzi. Na hapa ukichimba futi mbili wagonga mawe ya matumbawe. Sasa ningoje masika ioshe chumvi ama nipande minazi tu yaishe?