Tamasha la okestra kwa watoto wa shule ya msingi, tupange vipi programu?

SeloDar
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Kikundi chetu cha vijana hapa Dar, wapigaji kama 30 hivi, wengi violini, selo 3 (zile kama violini kubwa za kupigwa umekaa), fluti, klarineti 2, tarumbeta, tromboni na dogo mmoja wa ngoma yuko vizuri sana, tumekubaliana tuwapigie watoto wa shule za jirani, darasa la 3 mpaka la 5. Wengi hawajawahi kuona selo kwa macho. Mi ndo nimepewa kupanga na hapo ndo kuna mvutano, maana kamati wanataka simfoni nzima (kazi ndefu ya okestra yenye vipande kadhaa) ya Haydn, yule mtunzi wa zamani wa Austria, halafu hotuba ya mgeni rasmi, halafu kwaya, jumla masaa mawili. Mi naona kabisa watoto watachoka mapema na wakitoka hapo watakachokumbuka ni kukatazwa kuongea, na hii inaniuma maana kwa wengi wao nafasi kama hii haitajirudia. Nipige nini, na niongee kiasi gani?

Ticha_Nai
Hongera kaka, hiyo kazi ni ya maana sana. Masaa mawili toa kabisa. Watoto wa hiyo miaka dakika 45, ikizidi sana 50, na usiwawekee kipande cha zaidi ya dakika 5 au 6 bila kitu kubadilika. Hiyo Haydn usiitupe, ongea na kamati muichukue ile simfoni namba 94, kipande cha pili tu, kile melodi inatembea polepole, inarudiwa kimya zaidi, halafu ghafla okestra yote inapiga kwa nguvu. Hapo usiwaambie kitu kabla, wacha washtuke, wacheke, wapige kelele, ndio uwaulize nini kimefanyika na mrudie tena sasa wakiwa wanangojea. Mara ya pili utaona wanavyosikiliza, mpaka wanashika pumzi.

Jambo lingine ni kuchagua swali moja tu kwa tamasha zima. Kiongozi wa okestra (kondakta) Mmarekani Leonard Bernstein alifanya hivyo na okestra ya New York Philharmonic kuanzia 1958 mpaka 1972, vipindi 53, vikioneshwa kwenye TV, na karibu kila kimoja kilikuwa na jambo lake moja: muziki una maana gani, melodi ni kitu gani, nini hufanya muziki uchekeshe. Aliimba mwenyewe, akapiga piano, akatoa mfano hata kwa nyimbo za Beatles wakati zikiwa bado za moto, halafu okestra ikapiga kitu cha ukweli kabisa, sio kile kimelainishwa kwa sababu ni watoto. Programu nyingi za watoto ninazoziona zinakosa hilo swali, ni vipande 8 vya furaha vimepangwa foleni na mtoto anatoka hajui alikuja kusikia nini. Kwa kikundi chenu ningechukua "nani anaongea sasa hivi?", yaani kutambua sauti ya kila chombo.

BintiMalindi_Znz
Ticha umesema kweli, ila jamani tamasha la watoto linaanzia skuli, wiki kadhaa kabla. Ukumbi wa muziki wa Carnegie Hall kule New York wana mradi unaitwa Link Up, watoto wa umri huohuo wanajifunza darasani kuimba na kupiga filimbi ndogo ya rikoda, siku ya tamasha wanapiga pamoja na okestra wakiwa palepale kwenye viti vyao. Mtoto anayejua kuwa zamu yake inakuja hasinzii. Nyie hamhitaji rikoda hata moja, chukueni wimbo wa mchezo wanaouimba mapumziko, wapelekeeni walimu mapema wawafundishe kiitikio, okestra ipige ubeti watoto waitikie.

Na msiwaambie violini ni kitu kigeni kutoka Ulaya. Huku kwetu Zanzibar kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo toka 1905, violini, udi na kanuni (vyombo vya nyuzi za kuchuna) na ngoma vinakaa jukwaa moja, na mabibi zetu wanazijua hizo sauti vizuri mno. Mkimpata mpiga kanuni hata mmoja mwekeni karibu na violini wapokezane melodi, watoto wasikie waya unaochunwa na waya unaosuguliwa kwa upinde. Hapo swali lenu la nani anaongea limejibiwa bila maelezo marefu.

Kinanda254
Mimi ningependekeza ile hadithi ya muziki ya mtunzi Mrusi Prokofiev, ya Petro na mbwa mwitu, aliiandika 1936 kwa ajili ya ukumbi wa michezo wa watoto Moscow na bado inawashika vizuri sana. Ndege ni fluti, bata obo, paka klarineti, babu basuni, mbwa mwitu ni honi 3. Shida yako hauna obo, basuni wala honi (vyombo vya kupuliza), kwa hivyo chukua wazo tu, tafuteni hadithi ya kwenu ya sungura na fisi na kila mnyama mpe chombo na melodi yake fupi. Msimulizi asiwe kondakta! Kondakta akigeuka kuongea anawapa wapigaji mgongo, akirudi tempo imepotea. Tafuta mtu wa maigizo, mpe maiki nzuri, na kabla hadithi haijaanza kila mnyama asikike peke yake.

SeloDar
Aisee asanteni sana, hiyo ya sungura na fisi nimeipenda, tromboni awe fisi moja kwa moja. Swali moja, kuna sekondari nao wameomba kuja, kidato cha 1 na 2, niwachanganye?

Ticha_Nai
Hapana, usiwachanganye. Wa miaka 14 akiambiwa aitikie wimbo wa mapumziko pamoja na wadogo zake atajificha chini ya kiti. Wapangie siku yao, wakae katikati ya okestra yenyewe, mmoja karibu na selo, mwingine nyuma ya tarumbeta, na waongee na wapigaji waliowazidi miaka michache tu. Hapa Nairobi Ghetto Classics ya Korogocho inafundisha vijana wa mtaani hivi vyombo, na kijana akimwona mwenzake wa mtaa kama wake ameshika obo maswali yanatoka yenyewe.

BintiMalindi_Znz
Na taa za ukumbi msizime, wapo watoto wanaoogopa giza na wengine hawawezi kelele za ghafla, kwa hiyo kile kishindo cha Haydn waambieni walimu wao mapema, na tengeni chumba kimoja kimya cha pembeni. Mgeni rasmi aongee na walimu nje kabla ya watoto kuingia.

Kinanda254
Nitumie PM orodha kamili ya wapigaji na level yao, niko tayari kuandika pati (sehemu ya kila chombo) za huo wimbo wa mapumziko, ya violini za nyuma nitaiweka kwenye waya za wazi tu, zisizobanwa kwa kidole, ili nao wapige bila woga.