Mdogo wangu anataka kuwa riga, mlioko nje nishaurini

Kutoka: Dada, Mwanga, Kigoma

Habari za huko ndugu zangu. Mimi niko nyumbani, Mwanga, nimeunganishwa humu na shemeji yangu wa Muscat. Si kawaida yangu kuandika, lakini hili limeninyima usingizi.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Alimaliza kidato cha nne, akasoma uchomeleaji VETA hapa hapa Kigoma, na sasa anabangaiza kazi za saidia fundi. Wiki iliyopita kuna bwana mmoja alikuja nyumbani, akasema kijana akilipa shilingi 1,200,000 atapewa mafunzo ya riga ya siku 3 na cheti, na ndani ya miezi 2 yuko Uarabuni kazini. Kijana amechanganyikiwa kwa furaha. Mama ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Gungu.

Naomba wenye kujua waniambie: huyu riga anafanya kazi gani hasa? Siku 3 zinatosha? Na cheti hicho kinakubalika huko mliko?


Kutoka: Mwana wa Ujiji, Uingereza

Dada, nifikishie shikamoo kwa mama, kisha mwambie kiwanja asikiguse kwanza.

Mimi niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, na miaka 11 kati ya hiyo nimekula kwa kufunga mizigo. Nitaandika kirefu, univumilie. Kazi hii naipenda, na nimeona watu wakiumia kwa jambo ambalo wangeelezwa kwa dakika kumi tu wasingelifanya.

Riga ni mtu anayefunga mzigo na kuuongoza unaponyanyuliwa, si mwendesha winchi. Opareta wa winchi, au kreni kama wengine wanavyoita, amekaa kwenye kibanda chake na mara nyingi mzigo hauoni kabisa. Anaona mikono yako au anasikia sauti yako kwenye redio, basi. Wewe uliye chini ndiye unayeujua mzigo: una uzito gani, uzito umelalia upande gani, unafungwa kwa kitu gani, utapita juu ya nini na utatua wapi. Kama hata moja kati ya hayo hulijui, mzigo haunyanyuki, hata bosi akipiga kelele namna gani.

Uzito haukisiwi kwa macho. Zege ni tani 2.4 kwa kila meta moja ya ujazo, chuma ni 7.85, maji ni 1. Chukua boriti ya zege ya meta 6, upana sentimeta 40, kimo sentimeta 50: ni meta za ujazo 1.2, zidisha kwa 2.4, unapata karibu tani 2.9. Hilo mdogo wetu anaweza kulianza leo kwenye saiti yoyote ya hapo mjini, bila kumlipa mtu hata shilingi. Awe na futi kamba na daftari, akisie kwanza, kisha apime na kupiga hesabu aone amekosea kwa kiasi gani.

Lakini kinachoua watu wengi wanaojiona wanajua ni pembe. Dada, fanyeni jaribio hili hapo nyumbani. Chukueni dumu la mawese la lita 20 lililojaa, pitisheni kamba kwenye mshikio wake, wewe shika ncha moja na yeye ashike nyingine. Mkisimama karibu karibu, kamba ikiwa inakaribia kuwa wima, kila mmoja anabeba nusu ya dumu. Sasa kila mtu arudi nyuma hatua moja, dumu likiwa bado hewani. Halafu hatua nyingine. Dumu ni lile lile na mawese ni yale yale, lakini mikono itaanza kutetemeka. Na mkisema mvute mpaka kamba inyooke kabisa, hamtaweza, hata mngekuwa wanaume wawili wa kubeba magunia Kibirizi.

Slingi, yaani mikanda au kamba za kufungia mzigo, nazo zinateseka hivyo hivyo. Mzigo wa tani 2 ukiufunga kwa slingi mbili zilizosimama wima, kila moja inabeba tani 1. Zikilala mpaka nyuzi 60 kutoka usawa wa mzigo, kila moja inabeba 1.15. Nyuzi 45, inakuwa 1.41. Zikifika nyuzi 30, kila moja inabeba tani 2 nzima, utadhani ile nyingine haipo. Mtu anayetoa cheti bila kumfundisha kijana jambo hili anampeleka akaue wenzake.

Nikupe moja niliyoiona. Mwaka wangu wa pili, kwenye yadi moja, tulikuwa tunahamisha boriti ya chuma. Aliyefunga alitumia mkanda wa kijani. Kwa rangi za Ulaya mkanda wa zambarau ni wa tani 1, kijani tani 2, njano tani 3, na boriti ile haikufika hata tani moja na nusu. Kwa hesabu mambo yalikuwa sawa kabisa. Ila kwenye kona ya chuma hakuweka kitu chochote, si mpira, si gunia. Mzigo ulipofika kimo cha paa la nyumba nikasikia mlio mmoja mfupi, boriti ikaning'inia upande mmoja, kisha ikaja chini na kuchimba lami. Hakuumia mtu, kwa sababu mzee mmoja aliyekuwa nasi alikuwa ametufukuza eneo lile zima kabla winchi haijaanza kuvuta. Baadaye nilikwenda kuuokota ule mkanda. Nilitegemea kukuta nyuzi zimechanika ovyo ovyo, kama kamba iliyochoka. Haikuwa hivyo. Ulikuwa umekatwa laini, kama kitambaa cha fundi cherehani. Mpaka leo sifungi mkanda kwenye kona bila kuipitishia kidole kwanza.

Kwa hiyo kukagua ni nusu ya kazi. Shekeli, ile pingu ya chuma yenye umbo la U, ina pini yake. Ukikuta mtu amechomeka bolti mahali pa pini, iondoe kazini. Kulabu iliyofunguka mdomo, iondoe. Waya uliokatika nyuzi unaupitishia kitambaa au glovu, kamwe si mkono mtupu, maana nyuzi zake zinaingia kwenye nyama kama miiba ya samaki. Hapa Uingereza kuna kanuni za mwaka 1998 zinazotaka vifaa vyote vya kufungia mzigo vikaguliwe rasmi na mtaalamu kila miezi 6. Hiyo haikuondolei wewe wajibu wa kuvitazama kila unapovishika.

Kuhusu masomo ya huku: unafanya kwanza mtihani wa afya na usalama wa CITB, bodi ya mafunzo ya ujenzi. Halafu unasoma kozi ya kufunga mizigo na kuongoza winchi, ambayo kwenye CPCS, mpango wa kadi za mitambo ya ujenzi, inajulikana kwa namba A40. Ukifaulu unapewa kadi nyekundu ya miaka 2. Kadi hiyo inasema umefundishwa, haisemi umeiva. Ndani ya muda huo unafanya kazi chini ya waliokutangulia, unakusanya ushahidi wa ulichofanya, unapata cheti cha ujuzi wa kazi kiitwacho NVQ, na hapo kadi inageuka ya bluu. Wanaoendelea wanakuwa wasimamizi wa unyanyuaji, na juu kabisa wapo wanaopanga kazi nzima kwenye karatasi kabla winchi haijafika saiti. Sasa linganisha hayo na siku 3 za huyo bwana.

Kadi hizi hazimpatii mtu viza. Hayo ni mambo mawili tofauti, na matapeli wanapenda sana kuyachanganya.


Kutoka: Shemeji, Muscat

Shemeji, nimesoma yote ya kaka wa Ujiji na naunga mkono. Mimi nimepitia Saudia kabla ya kuja Oman. Ghuba ipo kazi ya riga, hilo si uongo. Lakini mimi sikuja na cheti kutoka Tanzania. Nilikuja kama msaidizi, kampuni ndiyo iliyonipeleka kwa wakaguzi wa nje, nikafanya mtihani wa kuandika na wa vitendo mbele ya winchi, na gharama ililipa kampuni. Cheti cha siku 3 kutoka sebuleni kwa mtu, mkaguzi atakirudisha mezani bila kukifungua.

Tena msidanganywe na namba za madaraja. Kwenye saiti za Aramco, kampuni ya mafuta kule Saudia, riga III ndiye wa chini na riga I ndiye mkubwa.

Kingine shemeji: wakala wa kupeleka watu kazi nje anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwombe akuonyeshe, na mkiona shaka ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla hamjatoa hela. Mkataba usomwe na mtu mwingine nyumbani, si kijana peke yake. Na jua la huku saa nane mchana si la Kigoma, ajiandae kwa hilo pia.


Kutoka: Mnyamwezi wa Tabora, Marekani

Naongezea hapo kwenye madaraja. Huku ni kinyume chake: kwenye vyeti vya NCCCO, shirika linalopima waendesha winchi na mariga, riga wa daraja la kwanza ndiye anayeanza, wa daraja la pili ndiye mwenye mizigo migumu, na cheti kinadumu miaka 5. Wengi ninaofanya nao kazi hawakuanzia kwenye kozi fupi. Wamepita uanagenzi wa chama cha mafundi chuma, miaka mitatu au minne, wanalipwa huku wanasoma.


Kutoka: Dada, Mwanga, Kigoma

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Kaka wa Ujiji, kijana amesoma na mimi neno kwa neno. Anaona aibu kuuliza mwenyewe, kwa hiyo naandika kwa niaba yake: hesabu kidato cha nne alipata F. Je, ndiyo mlango umefungwa?


Kutoka: Mwana wa Ujiji, Uingereza

Mdogo wangu, soma hapa, nakuandikia wewe mwenyewe. Mlango haujafungwa. Hesabu ya kazi hii ni kuzidisha, kugawanya na kusoma jedwali. Shuleni ulikuwa unazidisha namba zisizo na sura. Saiti unazidisha boriti iliyo mbele yako, na ukikosea unaiona. Rudia kila siku, andika kwenye daftari, baada ya miezi mitatu utajishangaa. Na uchomeleaji wako ni mtaji mkubwa, maana unajua chuma kinavyojikunja na unajua kiungo kibovu kinavyoonekana.

Usikimbilie ndege. Reli ya SGR kutoka Tabora kuja Kigoma ni kilometa 506, na reli haijengwi bila kunyanyua vyuma na zege. Tafuta kibarua kwenye genge la winchi, hata kama ni kushika kamba ya kuongozea mzigo. Bandarini vile vile. Kaa karibu na mtu mzima anayefunga mizigo, umtazame mikono. Jifunze ishara zote, na uanze na ile ya kusimamisha, kwa sababu hiyo hata kibarua wa siku ya kwanza ana haki ya kuitoa na winchi lazima isimame.

Halafu siku moja nenda kaitazame Liemba kwa macho mengine. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungashwa kwenye masanduku yapata 5,000, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiinua kutoka chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Nimepanda meli hiyo utotoni na bibi yangu kwenda Kasanga, nikaona ni meli tu. Siku hizi nikiikumbuka nafikiria kila sanduku lililopita mikononi mwa mtu aliyelazimika kujua lina uzito gani na alishike wapi.


Kutoka: Dada, Mwanga, Kigoma

Nawapa mrejesho. Yule bwana alirudi Jumatatu. Nikamwomba leseni ya Kamishna wa Kazi, akasema ataituma kwenye simu. Leo siku ya nne, simu haipokei.

Lile jaribio la dumu tumelifanya uani. Mama mwenyewe aliomba ashike ncha moja. Walipofika hatua ya tatu dumu likatua chini, mama akaketi kwenye kigoda, akauliza, "Na huyo alitaka kumfundisha haya kwa siku tatu?" Kiwanja cha Gungu hakiuzwi tena.

Kijana ameanza daftari. Jana amepima tangi la maji la jirani, la lita 5,000, akaja kuniambia likijaa ni tani 5 juu ya nguzo zile nyembamba, na amekwenda kumwambia mwenyewe. Kuna mzee wa genge la winchi amemwambia aje Jumatatu ajaribiwe. Kaka, aende na nini? Kuna hanesi ya mtumba, ile mikanda ya kujifunga mwilini usianguke, ameiona sokoni, anataka kuinunua.


Kutoka: Mwana wa Ujiji, Uingereza

Hanesi ya mtumba asinunue kabisa. Hajui imeshadaka nani wala imekaa juani miaka mingapi. Hiyo ataidai kwa mwajiri siku atakayopandishwa juu. Aende na buti ngumu, glovu za ngozi, kalamu na lile daftari. Pete na cheni avue aache nyumbani. Na afike kabla ya mzee, azikague slingi zilizopo moja moja, akiona yenye kasoro aiweke pembeni na kumwonyesha.

Mimi nakuja Desemba, Mungu akijalia. Daftari hilo aniwekee, nitalipitia lote.