Re: Porto ya 1977 imetozwa kama pombe kali

Neema (Reading):
Shikamooni wakubwa. Kifurushi kutoka Ureno kimezuiliwa. Chupa moja ya porto, ule mvinyo mtamu wa Ureno unaoongezwa pombe, lebo inasema Colheita 1977 (yaani ya mavuno ya mwaka mmoja), kileo asilimia 20. Kwenye CN23, fomu ya forodha ya kifurushi, muuzaji kaandika "aguardente", basi nimepigiwa ushuru wa pombe kali. BOR286, ile fomu ya kupinga ushuru, inajazwa kabla ya kulipa au baada?

Kombo (Lisbon):
Marahaba. Muuzaji kachemsha. Aguardente ni ile pombe ya asilimia 77 inayomiminwa kwenye mvinyo ukiwa bado unachacha. Hamira inakufa, sukari inabaki. Uingereza tangu Agosti 2023 wanahesabu kileo halisi: lita 0.75 kwa asilimia 20 ni lita 0.15 basi. Wapelekee hesabu hiyo. Chupa ikifika isimamishe siku mbili, mashapo yatulie.

Mama Tatu (Leeds):
Kombo, usimpotoshe mtoto. Mashapo ni ya porto aina ya Vintage, inayokaa pipani miaka 2 hivi kisha ikazeekea chupani. Colheita hukaa pipani miaka 7 au zaidi, uchafu wake umebaki hukohuko. Neema mwanangu, tafuta mwaka wa kutiwa chupani, mara nyingi uko lebo ya nyuma. Huo ndio unaokwambia imekula mbao miaka mingapi. Ukiimimina iwe rangi ya chai ya rangi iliyokolea, si zambarau.

Kombo:
Sawa mama, ila kizibo cha zamani ni kizibo cha zamani. Kizibuo cha skrubu kinakipasua katikati. Tumia cha ndimi mbili: tanguliza ulimi mrefu, tikisa kushoto kulia mpaka zizame, halafu zungusha huku ukivuta. Vipande vikidondoka, chuja kwa melimeli iliyosuuzwa bila sabuni.

Mama Tatu:
Colheita nyingi zina kizibo chenye kofia. Unazungusha kwa mkono, kwisha.

Juma (Toronto):
Hii si ndiyo divai ya kanisani?

Kombo:
Mvinyo, Juma. Neno la Wareno wenyewe, vinho. Waling'olewa Fort Jesus 1698, wakatuachia mvinyo, meza na leso.

Juma:
Na serikali zetu zikarithi gereza. Mnakunywa na nini? Hapa hata kashata hazipatikani.

Mama Tatu:
Kashata za njugu ndizo hasa! Poza mpaka nyuzi 12 au 14, glasi ndogo, usijaze. Ukiifunga na kuirudisha friji inakaa wiki tatu. Vintage ingekuwa siku mbili tatu tu.

Neema:
Asanteni. Sasa BOR286, kabla au baada?

Kombo:
Njugu zisiwe za chumvi.