Posti 64 za "dawa" zimeoza kabla ya miaka mitatu! Nani anawakagua hawa wauzaji?

Wadau, leo nina hasira na sitaificha. Jana saa kumi alfajiri jirani amenigongea mlango: ng'ombe wangu wanne wako ndani ya mahindi yake. Nimekimbia na tochi hadi kwenye ua, nakuta posti 5 zimelala na seng'enge yake yote. Nikashika ya sita kwa mkono mmoja, ikakatika usawa wa ardhi. Ndani ni unga wa kahawia, unausugua kwa vidole unapukutika. Asubuhi tumekaa na mzee wa kijiji, nimekubali kumlipa jirani magunia 2. Ni haki yake na sina neno naye. Neno langu liko kwa aliyeniuzia zile posti.

Niko upande wa Awasi, Kisumu. Nilinunua posti 64 za mkaratusi kando ya barabara, shilingi 600 kila moja. Hiyo ni 38,400 kabla ya lori, seng'enge, misumari na fundi. Zilikuwa za kijani, zinapendeza, zimepangwa vizuri. Nikamuuliza muuzaji waziwazi: hizi zimetiwa dawa ya kweli? Akanijibu, "Mzee, hii ni dawa ya kiwandani. Miaka 20 hutarudi hapa." Imepita miaka miwili na nusu tu!

Leo nimechukua msumeno nikakata moja katikati, pale juu ambapo bado ni nzima. Ukijani haukuingia hata unene wa ukucha. Ndani ni mti mweupe mtupu. Ile ilikuwa rangi ya nje, basi.

Nimetembelea rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kutia nguzo dawa huko Nakuru, akanieleza kazi inavyotakiwa kuwa. Mti unamenywa gome, unaachwa ukauke kwanza, kwa sababu mti mbichi umejaa maji yake na dawa haina pa kukaa. Kisha unaingizwa kwenye tangi la chuma, hewa inanyonywa, dawa ya shaba, kromiamu na aseniki inasukumwa ndani kwa nguvu. Dawa inakaa kwenye ile sehemu nyeupe ya nje. Kiini cha mkaratusi kinaikataa. Kwa hiyo posti nzuri ukiikata utaona pete ya kijani nene pande zote imezunguka kiini. Yangu haina pete. Mti umekatwa mbichi, ukachovywa au ukapakwa kwa brashi, ukaletwa barabarani.

Nikamuuliza pia mbona zote zimekatika mahali pamoja. Kuvu inayokula mti inataka maji na hewa kwa pamoja. Mti ukiwa mkavu, unyevu chini ya asilimia 20, kuvu haifanyi kitu, ndiyo maana juu posti bado ngumu. Chini kabisa shimoni kuna maji lakini hewa ni kidogo. Pale usawa wa ardhi vyote viwili vipo mwaka mzima, na huku kwetu udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi: mvua ya Aprili ikishuka unashika maji wiki nzima, kiangazi unapasuka mianya na mchwa wanapita humo moja kwa moja hadi kwenye mti.

Na fundi naye sitamwachia. Posti zilikuwa ndefu kidogo, akazikata zote upande wa chini. Wa chini! Hata zingekuwa na dawa halali, hapo ameshafungua kiini akakizika kwenye matope. Ukilazimika kukata, kata juu, na palipokatwa papakwe dawa tena. Zile za pembeni akazimiminia zege hadi sakafu ya shimo. Mti ukikauka unasinyaa, panabaki mwanya kati yake na zege, maji ya mvua yanaingia na hayana pa kutokea. Posti imesimama ndani ya bakuli. Zege ikiwepo ni lazima chini ibaki wazi, na juu iinuke kidogo kuzidi ardhi, iteremke kuelekea nje ili maji yaukimbie mti. Wengine wanasema weka kokoto chini ya shimo. Kwenye changarawe ya kule Nakuru sawa, maji yatazama. Kwenye udongo wetu huu, kokoto chini ya shimo ni kisima tu. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka, inua kichuguu shingoni mwa posti.

Kuhusu oili chafu ya gari, tafadhali msinishauri. Nimeshaijaribu kwenye zizi la mbuzi. Inakaa juu juu, mvua inaiosha inaingia kwenye udongo ambao watoto wanachezea. Kuchoma ncha motoni nako kunapasua mti, na kuvu inaingia kwenye nyufa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nguzo za mti wa siala alizosimamisha babu yangu langoni nilizikuta nikiwa mtoto, na moja bado inashikilia mlango. Ua wake uliobaki wote ulikuwa wa mnyaa, ule tunaouita ojuok, ambao hauozi kwa sababu uko hai. Mimi nikaung'oa ili niweke posti za kisasa. Naumia sana nikifikiria hilo.

Nilirudi kwa muuzaji mchana. Ananiambia posti zilikaa kwangu, hajui nilizitunzaje. Risiti imeandikwa "posti" tu, neno dawa halipo. Kwa hiyo nawaomba: ukinunua, andikisha kwenye risiti kwamba zimetiwa dawa kwa mgandamizo, na chagua mwenyewe posti moja katikati ya rundo ikatwe mbele yako. Ilipe hiyo moja hata kama hutaichukua. Akikataa kukata, ondoka.

NYONGEZA, jioni: Kwa wale wanaoniambia nizifanye kuni, hapana. Sijui kwenye ile rangi walichanganya nini, na kama kuna dawa hata kidogo, huenda ina aseniki, na moshi wake na majivu yake ni sumu. Hazitaingia jikoni kwa mama watoto.

Nahitaji posti 64 kabla ya mvua. Mwenye kujua mahali kati ya Kisumu na Molo wanapokubali mteja akate moja kwanza, aniandikie hapa hapa. Nitakuja na msumeno wangu.